Vijiwe vya Minza

Selestine alistaafu reli akiwa na mikono yote miwili mizima, na shida ilianzia hapo. Miaka thelathini na mbili alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni pale Mpanda, reli inapoishia. Kazi yenyewe ni ya mkono na ya kukumbuka. Unavuta wenzo, unainama kutazama kama reli imebana, unapaza sauti, "Njia iko sawa!", mwenzako anakurudishia maneno yaleyale, ndipo treni inaruhusiwa kupita. Sasa akarudi kwake Ilembo, kwenye shamba la mahindi na karanga, hakuna treni, hakuna wa kumrudishia maneno. Wiki ya kwanza alijenga banda la kuku. Wiki ya pili akalibomoa akalijenga upande wa pili. Wiki ya tatu mke wake akamkalia kooni.

"Sele," alisema Odeta, binti wa makazi ya Katumba, mtoto wa wazazi waliokimbia Burundi, mwanamke ambaye neno likimfika mdomoni halirudi, "kuku wamechoka kuhamishwa. Tafuta kitu cha kushika."

Kitu chenyewe kililetwa na msiba.

Danford alifariki mwaka jana. Alikuwa mkwe: mwanae Gideon ndiye aliyemwoa Matilda, binti wa Selestine. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga aliyehamia Ilembo ujanani, na mji wake uko mashamba mawili tu kutoka kwa Selestine. Aliacha mjane, Minza, Msukuma mrefu asiyecheka ovyo. Aliacha mizinga ya nyuki. Na aliacha gobore, tena lenye leseni, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililowafukuza nguruwe pori kwenye karanga za watu wa upande ule wote.

Gideon anafanya kazi Dodoma, bunduki haikumvutia. "Mpeni baba mkwe," alisema kwenye simu, "yeye ana muda." Familia ikakubali. Makaratasi yalizunguka miezi minne, Selestine akahojiwa, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, mwishowe akapewa kitabu chenye jina lake. Aliyenung'unika alikuwa mmoja tu, Yotham, mdogo wake Danford, mrina asali wa kulekule Inyonga. Alituma maneno kwamba bunduki ya ukoo imeenda kwa wakwe kama mbuzi aliyepotea zizi, na kwamba siku ya kumaliza matanga atakuja kuiangalia mwenyewe.

Selestine alilileta gobore nyumbani, akalilaza mezani, akalitazama. Ndipo akagundua hajui pa kuanzia. Gobore si bunduki ya kutia risasi za dukani ukafunga. Risasi yake unaitengeneza wewe, ndani ya mtutu, kila unapotaka kupiga: baruti kwanza, kisha kizibo cha nyuzi, kisha gololi, unashindilia kwa fimbo hatua kwa hatua, na mwisho kabisa fataki pale nyundo inapopigia. Kila mlio ni kazi ya mikono ya mtu, na ukikosea hakuna kiwanda cha kukilaumu.

"Nani sasa atanifundisha?" aliuliza.

Odeta alicheka mpaka akaweka chini ungo. "Si ukamuulize mkwe wako! Unadhani nani alikuwa anamshindilia mzee wa watu mwenye jicho moja?"

Ni kweli. Danford alikuwa na jicho moja tangu wengi walipomfahamu. Kila mtu Ilembo aliijua habari yake: akiwa kijana, mwaka aliooa, bunduki yake ya kwanza ilimpasukia usoni. Ilikuwa ya zamani, walisema, kutu ilishaila kwa ndani. Jicho la kulia likaenda. Alijifunza kulenga kwa la kushoto, na mke wake akawa ndiye mshindiliaji. Danford alikuwa akilipokea gobore limeshakuwa tayari, anatembea nalo shambani, basi.

Kwa hiyo Selestine, mzee wa miaka sitini na kidogo, akaenda kwa mama mkwe wa binti yake kujifunza kushindilia.

Somo lenyewe lilikuwa la kuchekesha ukilitazama kwa mbali. Wakwe hawagusani mikono, hawapokezani kitu. Wakaweka kigoda katikati ya uwanja. Minza alikuwa anaweka kitu juu ya kigoda, anarudi nyuma hatua tatu. Selestine anakuja, anachukua, anarudi nyuma hatua tatu. Kopo la baruti lilisafiri hivyo. Kipimo, kijikopo cha bati kilichokatwa kwenye kitu cha zamani, kilisafiri hivyo. Somo ambalo kwa wengine lingekwisha asubuhi moja lilichukua siku nne, na hakuna aliyelalamika.

"Mkwe, simu iko wapi?"

"Mfukoni."

"Ikaweke ndani. Mtu hapigiwi simu akiwa anashindilia. Na kule kwenu mwambie mama Matilda asikuite ukiwa kwenye kazi hii, hata kama nyumba inaungua."

"Nyumba ikiungua asiniite?"

"Akuite ukishamaliza," alisema Minza, na Selestine hakujua kama ule ulikuwa utani.

Kitu cha mwisho alichowekewa kwenye kigoda kilikuwa kitambaa chenye fundo. Ndani mlikuwa na vijiwe vitatu vyeupe vya mto Katuma, laini kama mayai ya ndege. Minza alimwonyesha. Visahani viwili, cha kushoto na cha kulia. Vijiwe vyote vinakaa kushoto. Baruti ikishaingia mtutuni, kijiwe kimoja kinahamia kulia. Kizibo kikishaingia, cha pili. Gololi, cha tatu. Huendi hatua ya pili kabla mkono wako haujahamisha kijiwe cha kwanza.

"Kichwa kinadanganya," alisema. "Kijiwe hakidanganyi."

"Na siku nikisahau kukihamisha?"

"Siku ukiwa huna uhakika, hupigi. Unatoa vyote unaanza upya."

"Hata nguruwe akiwa palepale anakula?"

"Nguruwe ana karanga, wewe una macho mawili. Mwache ale."

Selestine aliipenda kazi hii kuliko alivyotegemea. Aliipenda hata kabla ya kupiga. Kulikuwa na utulivu ndani yake ambao hakuupata tangu aiache reli: mkono unafanya kitu kimoja, jicho linathibitisha, ndipo unakwenda kingine. Alikata vizibo kutoka kwenye gunia la katani, akavipanga kwa ukubwa kwenye kopo la maziwa. Alisugua mtutu kwa mafuta mpaka Odeta akauliza kama anataka kuuoa. Akipiga shabaha kwenye kichuguu mwisho wa shamba, na moshi mweupe ukimzunguka, alikuwa anasimama ndani yake bila haraka, anatabasamu peke yake. Nguruwe wenyewe aliwapiga wawili tu katika miezi mitatu. Hakujali sana. Nguruwe walikuwa kisingizio.

Na kama watu wengi wanaoanza kupenda kitu, akaanza kukiboresha.

Fimbo ya zamani ya kushindilia ilikuwa imepasuka nchani. Akachonga nyingine ya mninga, akaipiga msasa, akaipaka mafuta, ikang'aa. Ile ya zamani Odeta aliitia motoni jikoni. Kwenye ile ya zamani kulikuwa na mikato miwili mitatu ya kisu aliyoifanya Danford, ya kuonyesha fimbo inapaswa kuzama mpaka wapi mzigo ukiwa sawa. Selestine alikusudia kuikata mikato hiyo kwenye fimbo mpya. Lakini ilikuwa nzuri mno, akawa anaahirisha, kama mtu anayeogopa kukanyaga sakafu mpya.

Vijiwe navyo akavirudisha. Vilikuwa vinaviringika. Akachagua punje tatu za maharage, mekundu, makubwa, yanayoonekana vizuri juu ya kisahani cheupe. Alivifunga vijiwe kwenye kitambaa chake, akaviweka juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua tatu.

Minza alikitazama kitambaa. "Maharage?"

"Yanaonekana vizuri zaidi, mkwe. Na hayaviringiki."

Minza aliligusa fundo kwa kidole, kama mtu anayetafuta neno alilolificha mahali. Halafu akasema, "Haya," akachukua kitambaa chake.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Kwa wawindaji wa ukoo wa Danford, mwaka ukifika bunduki ya marehemu inalia mara moja kaburini. Mara moja tu, bila gololi, kwa baruti na kizibo basi. Mlio huo ndio unaomaliza msiba. Kabla yake mjane hajavua kitambaa cheusi. Baada yake anakuwa mtu kama watu wengine. Selestine alikuwa amekwenda polisi na barua ya mwenyekiti wa mtaa, akapewa ruhusa. Kila kitu kilikuwa sawa kwenye makaratasi.

Asubuhi ile akatandika mkeka nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, akaweka visahani viwili, na punje mbili kwenye cha kushoto, kwa sababu leo hakuna gololi. Odeta alikuwa ameshatangulia msibani na sinia lake kubwa. Palikuwa kimya. Akachukua kipimo.

"Hodi! Hodi hapa kwa mkwe!"

Ilikuwa sauti ya Yotham. Alitakiwa kufika saa sita, lakini alipata lifti ya gari la tumbaku kutoka Inyonga, akachukua bodaboda stendi, na sasa alikuwa ameshazunguka nyumba, kofia kichwani, dumu la asali mkononi.

Kwa watu wa huku mkwe hasalimiwi ukiwa umeshika kitu. Unaweka chini ulichonacho, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, na unaendelea kupiga hadi mwenzako amalize kuuliza. Na Yotham alikuwa mtu wa kuuliza. Aliuliza habari za usiku, za mvua iliyopita, za Odeta, za Matilda na wajukuu, za karanga, za treni kama bado inakuja. Selestine alijibu kila moja, makofi yakiendelea, magoti yakilia.

"Mmh," alisema Yotham mwishowe, macho yakiwa yameshaangukia mkekani. "Kumbe nimekuta mtu yuko kazini."

"Kidogo tu, mkwe. Karibu kiti."

"Nitakaa nikifika kwa shemeji." Aliinama akalitazama gobore bila kuligusa. "Linang'aa. Kaka hakuwa analing'arisha hivi. Sikiliza, mkwe, mimi sizunguki. Wazee wa Inyonga wamenituma. Bunduki ikilia vizuri leo, basi, kaka ameikubali mikono yako, tumemaliza. Ikikohoa, au ikinyamaza, wewe na mimi Jumatatu tunakwenda palepale polisi kuomba ibadilishwe jina. Hatugombani. Sawa?"

"Sawa," alisema Selestine, kwa sababu angesema nini.

Akamsindikiza mpaka njiani. Akarudi. Kipimo kilikuwa mkekani, kitupu. Akili yake ilikuwa bado kwa Yotham, ilikuwa inapanga majibu mazuri aliyopaswa kuyatoa. Mkono ukajaza kipimo, ukamimina, ukachukua kizibo, ukashindilia kwa ile fimbo nzuri ya mninga, tap, tap, tap. Akanyoosha mkono ahamishe punje.

Hapakuwa na punje. Jogoo alikuwa amesimama juu ya kisahani cha kulia, shingo imenyooka, anameza.

Selestine alibaki amechuchumaa. Aliangalia kisahani cha kushoto: kitupu. Cha kulia: mguu wa jogoo. Akajiuliza swali dogo. Kabla Yotham hajapiga hodi, nilikuwa nimeshamimina au nilikuwa bado?

Alijaribu kukumbuka. Alijiona wazi kabisa akimimina, akasikia na ule mchirizi wa punje za baruti zikiteremka mtutuni. Lakini aliyekuwa anamwona ni nani? Wa leo, au wa jana, au wa wiki iliyopita? Alikuwa amemimina mara nyingi sana kwenye mkeka huohuo. Kule reli mambo haya aliyajua. Ndiyo maana ya kupaza sauti. Mtu anayefanya jambo moja kila siku ana kumbukumbu mia moja za jambo hilo, na zote zina sura moja.

Akaichukua fimbo ya mninga, akaizamisha tena mtutuni, akatazama imefika wapi. Ilikuwa laini na inang'aa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Haikumwambia kitu.

Saa ilikuwa imeenda. Akafuta mikono, akajiambia, umemimina mara moja, Selestine, acha uoga wa kizee, akatia vifaa vyake kwenye mfuko, akalibeba gobore na fimbo yake begani na kuelekea msibani.

Kwa Minza watu walikuwa wamejaa: majirani, Warundi wa kwaya ya Odeta, Wasukuma ndugu zake Minza waliotoka na ng'ombe wao upande wa Karema, Wakonongo watano waliokuja na basi. Katekista Bartolomeo alisali, akasoma, akafunga kitabu. Watu wakalizunguka kaburi nusu duara, upande mmoja ukaachwa wazi kuelekea shamba lililokwishavunwa. Minza alisimama karibu na msalaba, kitambaa cheusi kichwani. Yotham akasema maneno machache kuhusu kaka yake, akamwonyesha Selestine kwa kidevu.

Selestine akasogea. Akaweka fataki. Akainua gobore, akaegemeza shavu kwenye kitako, pale ambapo mbao ilikuwa imelika kidogo kwa shavu la mtu mwingine. Jicho lake la kulia lilikuwa sentimita chache kutoka kwenye nyundo. Aliliona tundu la chuma, fataki imekaa juu yake kama kofia ndogo, na nyuma ya chuma hicho kulikuwa na kipimo kimoja. Au viwili.

Watu walikuwa wameziba masikio. Yotham hakuziba.

Inawezekana mtutu ungevumilia. Inawezekana palikuwa na kimoja tu. Kidole kilikuwa kwenye triga, na kuvuta kulikuwa rahisi kuliko kusema. Alimfikiria Odeta, akafikiria meza yake, kopo la vizibo, zile asubuhi, ule moshi mweupe. Vyote vingepanda basi la Inyonga. Halafu akasikia kichwani sauti yake mwenyewe ya zamani ikipaza, Njia iko sawa, na hakusikia yeyote akimrudishia.

Akashusha gobore. Akaiondoa fataki kwa ukucha, akaitia mfukoni.

"Sina uhakika," alisema.

Watu walioziba masikio walitazamana. "Amesemaje?" aliuliza mmoja.

"Huna uhakika na nini?" alisema Yotham. "Kama kaka amekufa?"

Wengine walicheka, kicheko cha msibani, cha puani.

"Na baruti, mkwe. Sijui nimemimina mara moja au mbili."

"Mtu mzima na ndevu zake!" Yotham akawageukia Wakonongo wenzake. "Mnasikia? Moja au mbili! Na huyu ndiye alikuwa anapitisha treni! Nyie mliokuwa mnapanda, mshukuruni Mungu."

Hapo kicheko kikawa cha kweli. Masikio ya Selestine yakawaka moto. Hata Odeta, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alikuwa anatazama chini.

"Ulikatizwa na nini?" Ilikuwa sauti ya Minza. Hakuipaza.

Selestine alisita. Kumtaja mkwe mbele za watu si jambo dogo. "Nilisalimiwa," alisema.

Kicheko kiliisha. Minza akasogea mbele, akasimama kati ya kaburi na watu, na alipoanza kusema alikuwa haongei na Selestine.

"Shemeji Yotham. Kaka yako alipoteza jicho mwaka alionioa."

"Nani asiyejua? Lile gobore la baba lilikuwa limeoza."

"Halikuoza."

Hata wanawake waliokuwa jikoni wakaacha masufuria.

"Nilikuwa na mwezi mmoja kwenye mji wenu. Nilitaka kuonyesha najua kazi. Nikawa namshindilia Danford bunduki, nimekaa nyuma ya jiko. Baba mkwe akatokea. Nikaacha kila kitu, nikapiga magoti, nikasalimia. Unamjua baba yako alivyokuwa anasalimia."

Yotham alishika ukingo wa kofia yake.

"Nikarudi kwenye kazi. Nikamimina. Sikukumbuka kama nilikuwa nimeshamimina, na niliona aibu kutoa, mzee amekaa pale ananitazama, bibi harusi. Nikashindilia. Danford akaichukua." Akakaza fundo la kitambaa cheusi. "Hospitali aliniuliza kitu kimoja. Aliniuliza, 'Minza, vilikuwa vingapi?' Nikamwambia sijui. Akasema, 'Basi bunduki ilikuwa na kutu.' Akawaambia watu wote hivyo mpaka siku anakufa. Na alipopata hili," akaonyesha gobore kwa kidevu, "siku ya kwanza akanipa mimi kopo la baruti. Sikutaka. Aliliacha miguuni pangu akaondoka. Nikaenda mtoni nikaokota vijiwe."

Yotham alikuwa amevua kofia. Aliishika kwa mikono miwili kama sahani.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "baba alikufa akijua bunduki yake ndiyo iliyomtoboa mwanae jicho. Aliitupa mtoni. Hakushika bunduki tena. Mpaka anakata roho alikuwa analisema hilo."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nampikia uji."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Katekista alifungua kitabu, akakifunga. Yotham alilitazama kaburi kwa muda mrefu, kisha akamtazama shemeji yake, halafu akaketi palepale kwenye udongo, mzee mzima, na suruali yake nzuri. Alipoongea alimwambia Selestine, bila utani ndani yake.

"Toa, mkwe. Toa yote."

Selestine akatoa kwenye mfuko wake kichuma chenye ncha ya kujisokota, cha kung'olea vizibo, akakifunga kwenye fimbo, akakizamisha mtutuni, akazungusha taratibu mpaka kikashika kizibo, akavuta. Kizibo kikatoka. Akainamisha mtutu juu ya sinia, akaugonga gonga kwa kiganja. Baruti ikamwagika, nyeusi, ikafanya kichuguu kidogo. Watu wakasogea. Yotham akainuka nusu, akachukua kipimo, akanyoosha mkono apime, kwa sababu kila mtu pale alikuwa anataka kujua.

Minza alifika kwanza. Alikuwa na kata ya maji. Akamwaga yote juu ya sinia, baruti ikawa tope.

"Sinia langu!" Odeta aliruka.

"Nitakusugulia, mama Matilda." Minza akamgeukia Yotham. "Mkwe hakuulizwa vilikuwa vingapi. Amesema hajui. Inatosha."

Yotham alikishika kile kipimo kitupu, akakitazama, akakirudisha.

Kigoda kikaletwa. Minza akatoa kitambaa kwenye mkunjo wa khanga, akafungua fundo, akaweka vijiwe viwili juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua tatu. Selestine akaja, akavichukua. Mtutu ukapanguswa ukawa mkavu. Akakaa chini mbele ya watu wote na visahani viwili vya chai, akaanza upya kama siku ya kwanza. Kipimo kimoja. Alipokiinua kukimimina, pikipiki ikaingia uwanjani kwa kelele. Mwenyekiti wa mtaa, aliyechelewa, akateremka akivua kofia ngumu na kuanza kutoka mbali, "Hodi jamani, poleni sana wafiwa, habari za hapa, mzee Selestine, shika—"

Yotham alikuwa ameshasimama. Alimwendea mwenyekiti na kiganja kimeinuliwa mbele, kama askari wa barabarani.

"Salamu zako zisubiri kwanza, kiongozi."

"Zisubiri? Kuna nini?"

"Mtu anashindilia."

Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaona watu zaidi ya mia wamekaa kimya wakimwangalia mzee mmoja na kijiwe, naye akasimama alipokuwa, kofia mkononi.

Baruti ikaingia. Kijiwe kikahamia kulia. Kizibo kikaingia, fimbo ikashindilia, kijiwe cha pili kikahamia. Kabla hajaitoa fimbo, Yotham akapiga goti pembeni yake, akachomoa kisu chake cha kurinia asali, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua tatu. Selestine alimtazama.

"Kata alama," alisema Yotham. "Fimbo gani haina alama? Utaitumia miaka mingapi hivyo, unabahatisha?"

Selestine akaushika ule mninga uliong'aa, akapata mahali mdomo wa mtutu ulipogusa, akakata. Mbao ilitoa unga mwekundu. Haikuwa nzuri tena kama mwanzo, ila sasa ilikuwa inasema kitu.

Akasimama. Akaweka fataki. Shavu likarudi mahali pake, na safari hii hakufikiria chochote kuhusu nyundo. Alimtazama Minza upande wa msalaba. Minza akaitikia kwa kichwa, na Selestine akapaza sauti bila kupanga, sauti ileile ya stesheni:

"Kiko kimoja!"

Hakutegemea jibu. Lakini Minza alikwishajua kazi hii kabla yake.

"Kimoja!" alirudisha.

Gobore likalia. Halikukohoa. Kunguru wakaruka kutoka kwenye mabua, mlio ukaenda ukagonga milima, ukarudi umechoka, na moshi mweupe ukatanda juu ya kaburi, ukakaa, kwa sababu hapakuwa na upepo. Ndani ya moshi ule Minza alinyanyua mikono akafungua kitambaa cheusi kichwani.

Selestine akalilaza gobore juu ya mkeka. Akafuta viganja kwenye suruali. Kisha akageuka kwa mwenyekiti, aliyekuwa bado amesimama kando ya pikipiki yake, akachuchumaa, magoti yakalia, akaanza kupiga makofi taratibu.

"Haya, kiongozi," alisema. "Karibu sana. Habari za huko utokako?"